Trei za Bluu

1

Siku yai moja lilipofika bei ya kuku mzima wa zamani, watu wa mtaa wa Majiwe hawakupiga kelele. Walicheka. Ndivyo mtu afanyavyo akipigwa kofi na asiyemtarajia: hucheka kwanza, halafu ndipo anapopapasa shavu kuhakikisha kama ni lake.

Foleni ilianzia dirishani pa duka la Mamlaka ya Yai, ikalizunguka lile jiwe kubwa lililokaa kama tembo aliyechoka, ikateremka hadi kwenye ardhi ya chumvi kando ya ziwa. Upepo wa Singida, usiojua mgonjwa wala mzima, ulikuwa ukiwatia watu mchanga machoni. Mama wa dukani alibandua kibao cha bei ya jana, akabandika cha leo, na foleni nzima ikasoma kwa midomo.

"Elfu kumi na mbili," alisema fundi baiskeli aliyekuwa mbele. "Kwa trei?"

"Kwa yai," mama wa dukani akajibu bila kuinua macho.

"Na huyo kuku mwenyewe mtatuletea lini tumpe mkono?"

Hapo ndipo wakacheka. Fundi baiskeli akanogewa, akaweka viganja mdomoni na kuwika kama jogoo, kokorikooo, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kicheko kikakatika kama uzi. Juu ya nguzo, sikio la Mamlaka, kile chombo cha kunasa sauti, lilikuwa limegeuka, limewaka nyekundu. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu jogoo wapigwe marufuku, tangu ugonjwa wa mdondo ulipopita na kuku wa kienyeji wote wakatiwa kwenye viroba. Mkoa uliokuwa ukiwauzia kuku abiria wa mabasi mpaka wakabebana nao mapajani, leo mtu hana ruhusa hata ya kuigiza sauti ya jogoo.

Fundi akainua mikono kuielekea nguzo. "Ni mimi, jamani. Ni mtu."

Sikio likamsikiliza kidogo, likazimika.

Hango hakuwa amecheka wala kuogopa. Alikuwa amesimama nyuma ya shemeji yake, Zaituni, mdogo wa marehemu mkewe, amembebea kikapu. Kazi yake ilikuwa kupima mayai kwa taa kwenye ghala la Mamlaka, na jambo hilo Zaituni hakuweza kuliacha lipite.

"Shemeji, wewe unashika mayai elfu mbili kwa siku, halafu unakuja kujipanga juani kununua moja. Kweli mganga hajigangi."

"Wakinikuta na ganda tu mfukoni nafungwa."

"Dada alimharibu huyu. Mwanaume mwaminifu hivi nani atamwoa tena?"

"Nani kakwambia nataka kuolewa?"

"Mtu asiyejua kuiba hata yai huolewa tu, hana njia nyingine."

Wanawake wa nyuma wakaguna kwa furaha. Zaituni akanyoosha mkono kutoa pesa yake tayari, maana walikuwa wamebakia watu watatu, na khanga ikateleza kwenye kiwiko. Hango akaviona vidole.

Ncha zake zilikuwa zimepasuka, nyeupe, kavu, kama tope la kando ya ziwa wakati wa kiangazi. Havikutoka damu. Ndiyo dalili yenyewe: vidole vinapasuka na damu haitoki. Hango alikuwa ameviona vidole vya namna hiyo kwa miezi mitano, usiku na mchana, mpaka siku alipovikunja yeye mwenyewe juu ya kifua cha Mwanaidi na kuvifunika sanda.

"Tangu lini?" akauliza.

Zaituni akaurudisha mkono ndani ya khanga. "Tangu mavuno ya alizeti."

"Mkauko huo, Zai."

"Najua jina lake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie ufanyeje? Ukanichotee maji ya Kisimani?"

Neno hilo lilimkata. Mtaa wa Kisimani ulikuwa upande wa pili wa mji, na kila mtu alijua kuwa huko mkauko hauui. Majiwe walizika kila wiki. Kisimani waliugua, wakapona, wakaendelea kulima. Watu wakasema ni maji ya kile kisima chao cha zamani. Mwanaidi alipougua, Hango alikwenda huko kila alfajiri na dumu la lita ishirini kichwani. Akamnywesha, akamwogesha, akampikia uji. Miezi mitano. Maji yalikuwa matamu kweli, na Mwanaidi alikauka vilevile.

Dirisha likafungwa kwa kishindo. "Yamekwisha!" mama wa dukani akasema kutoka ndani. "Kamati inalishughulikia suala hili."

Wakubwa hawa! Ukiwaambia nyumba inaungua, wanaunda kamati ya kuchunguza moshi.

2

Ndani ya ghala palikuwa giza kama tumboni. Meza kumi na mbili, taa kumi na mbili zilizofunikwa kwa vikopo vya bati, na kila kikopo kina tundu la ukubwa wa sarafu. Mpimaji anashika yai kwa vidole vitatu, analiegemeza tunduni, analizungusha mara moja, na mwanga unampa habari zote za ndani. Likiwa safi linakwenda trei nyeupe. Likiwa na wingu ni viza, linatupwa. Na likionyesha kijani, kijani chembamba sana kinachozunguka kiini kama ukungu wa asubuhi, linawekwa trei ya bluu na kupelekwa tanurini likachomwe. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa, na Hango, aliyeishia darasa la nne, aliyasoma kila siku ili asisahau kusoma: KIJANI NI SUMU. USIACHE HATA MOJA.

Mashine za kupimia zilinunuliwa mara mbili kwa pesa ambayo ingejenga hospitali, na mara zote mbili zikashindwa kukiona kijani hicho. Kukiona kulitaka jicho la mtu.

Hango alikuwa nalo. Meza yake, namba nne, ndiyo iliyolisha Majiwe, maana kila meza ilikuwa na mtaa wake. Kwa miaka sita hakuna yai la kijani lililompita. Jirani yake, meza namba tano, alikuwa Mama Nkhambi, aliyelisha Kisimani, mama wa miaka sitini na kitu mwenye mtoto wa jicho upande mmoja na matumaini tu upande wa pili.

"Kaka Hango, hili unalionaje?"

"Mama Nkhambi, hiyo taa yako imezimika tangu saa mbili."

"Ee! Ndiyo maana leo yote mazuri."

Msimamizi wao, Bwana Kilimba, akaja na tochi yake na tumbo lake. Mkanda unaobeba trei za bluu kwenda tanurini ulikuwa umekatika, na fundi yuko Dodoma kwenye semina.

"Mzee Hango, wewe ndiye ninayekuamini. Zibebe kwa mkono mpaka mlango wa tanuri. Ziweke pale nje. Usiingie."

"Sawa, bwana."

"Na wiki ijayo unahamia meza ya Kisimani. Huyu mama tunampumzisha. Wakubwa wameona kazi yako."

Hango alipaswa kufurahi. Alibeba trei tatu, akatoka uani, akapita mabanda ambamo kuku wa Mamlaka, waitwao kuku wa amri, walikuwa wamekaa kimya, kila mmoja na ule uvimbe mdogo shingoni. Chini ya ngozi hapo palikuwa na ushanga mmoja, mdogo kama punje ya uwele, uliokuwa ukimwambia kuku ale lini, alale lini, atage lini. Watu walijua hivyo, na hawakujua zaidi ya hivyo.

Mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Upepo ulikuwa umeusukuma na kuuacha unapigapiga ukuta. Hango akainama aziweke trei chini kama alivyoambiwa, na hapo akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka tisa: vifaranga.

Akaingia.

Mdomo wa tanuri ulikuwa umejaa nyasi na manyoya. Mbayuwayu alikuwa amejenga kiota mle ndani, na makinda manne yalikuwa yamefungua midomo yakidai. Hango akazibana trei kifuani, akapitisha kidole kwenye tofali. Hapakuwa na masizi. Tofali lilikuwa jekundu na safi kama siku lilipotoka kwa mfyatuaji. Tanuri hili halijawahi kuchoma kitu tangu lijengwe.

Alisimama pale na trei zake mikononi, akili inakataa. Kisha akaona chumba cha baridi nyuma ya tanuri, na meza ndefu, na juu yake visanduku vidogo vya karatasi, tisa. Kila kimoja kilikuwa na yai ndani, limelala kwenye pamba. Na kwenye kila kifuniko palikuwa na maandishi. Akasogeza uso karibu, akasoma kama anavyosoma, silabi kwa silabi, midomo ikifuata.

*Dawa ya mkauko. Liliwe bichi. Jumatatu moja, Alhamisi moja.*

Akasoma tena. Akaenda kisanduku cha pili, akasoma. Maneno ni yaleyale. Akainamia cha tatu, na trei zikainama naye mpaka mayai yakagongana.

3

"Ziweke chini, mzee Hango. Zitavunjika."

Alikuwa Daktari Msaghaa, yule mwanamke mwembamba aliyehudumia mabanda. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha baridi, koti jeupe, sura ya mtu asiyelala.

"Hii ni nini?" Hango akauliza. "Daktari, binti yangu, niambie hii ni nini."

Daktari hakujaribu kudanganya. Labda alichoka, labda alikuwa akimngoja mtu yeyote aje amwulize. Alivuta kigoda akakaa, akamweleza kwa maneno mepesi kama anayemweleza mgonjwa.

Ushanga ule una amri mbili. Kuna amri ya kumwambia kuku atagie walaji, na ipo ya kumwambia atagie wagonjwa. Akipokea hii ya pili, mwili wake unageuza ute wa yai kuwa dawa. Lakini kuku ni kiumbe, si bomba. Yai moja la dawa linamlaza siku tatu bila kutaga. Na damu yake ikishazoea, huchanganya. Leo anataga dawa, kesho chakula, na hakuna anayejua mpaka taa imulike. Kadiri orodha ya wagonjwa ilivyokua, ndivyo mayai ya kula yalivyopungua.

"Kwa hiyo hii bei," Hango akasema. "Hizi foleni."

"Ndiyo hizo."

"Na orodha ni ya nani?"

"Mia nne. Mia tatu na kitu wameteuliwa kutoka juu. Unajua maana yake. Majina unayasikia redioni. Waliobaki walichaguliwa kwa bahati nasibu, watu wa kawaida, wakaapishwa wasiseme."

"Ongezeni kuku!"

"Tukizidisha amri wanakufa. Tulipoteza banda zima mwaka juzi."

"Basi mngetuambia! Kwa nini mtuandikie sumu?"

"Mji wa kwanza uliambiwa. Watu walivunja mabanda siku ileile. Walichinja kuku wakidhani dawa imo kwenye nyama. Baada ya wiki hapakuwa na kuku, hapakuwa na dawa, na wagonjwa wote walikufa, wa orodha na wasio wa orodha."

"Mlituogopa," Hango akasema. "Mkaona hatuna akili. Hivi hata kutuuliza? Hata kura ya kuokota vijiwe?"

Daktari akatikisa kichwa. Hango, ambaye hakuwa mtu wa vitabu lakini alikuwa mtu wa kuangalia kitu kwenye mwanga, akaanza kuona jambo la pili likijitokeza nyuma ya lile la kwanza.

"Kisimani," akasema taratibu. "Kisimani hawafi."

"Hapana."

"Siyo maji."

"Siyo maji, baba."

"Ni Mama Nkhambi. Haoni. Ya kijani yanampita, yanaingia trei nyeupe, yanakwenda dukani Kisimani, watu wanayanunua wanakula."

"Hata yakipikwa nusu yanasaidia kidogo," daktari akasema. "Mimi ndiye niliyemwajiri. Walitaka mwenye macho mazuri. Nikawaandikia kuwa anayo. Sikuwa na uwezo wa kuwapinga wakubwa. Nilikuwa na uwezo wa kumweka kipofu mezani."

Hango akashika ukuta.

"Na mimi?"

"Wewe alikuleta Kilimba. Nilikuja mezani kwako mara tatu. Hukumbuki? Nilikuuliza kama macho hayakuumi. Nikakuletea miwani."

Akakumbuka. Miwani ilimpoteza kabisa, kila yai likawa kama mwezi nyuma ya wingu. Akairudisha siku ya pili, na akamwambia daktari kwa majivuno, mbele ya meza zote kumi na mbili: *Macho yangu ni ya mwewe, binti. Wape wazee.*

Na jioni ile, kama jioni zote, alikwenda nyumbani. Mwanaidi alikuwa amelala mkekani, midomo imepasuka, anaomba maji. Akamnywesha maji ya Kisimani kwa kijiko. Kisha, ili kumpa habari njema, akamwambia: "Leo sikukosea hata moja."

Mkewe alitabasamu. Alikuwa akijivunia mume hodari.

Hango akarudi nyuma mpaka tanurini. Akakaa chini kwenye sakafu ya tanuri, katikati ya nyasi za mbayuwayu. Hakulia. Kulia kunataka mtu ajue anachokililia, na yeye alikuwa bado anahesabu: manane, tisa kwa siku, siku, miezi, Majiwe nzima, majirani aliowabeba kwenye jeneza kwa bega hilihili. Mikono yake ilikuwa imewanyang'anya dawa mdomoni, mmoja mmoja, kwa uangalifu, na wakubwa wakampa kofia na cheti.

"Nina shemeji," akasema mwishoni. "Vidole vyake vimeanza."

Daktari akafumba macho. "Anahitaji mawili kwa wiki. Maisha yake yote."

"Nipe moja tu."

"Moja linamnunulia siku nne."

"Nipe hizo nne."

"Sina la kukupa, baba. Kila yai lililomo humu lina mwenyewe, hata hayo ya trei zako yameshahesabiwa kwa majina."

"Nitachukua la mkubwa! La mmoja wa hao wa redioni!"

"Ya wakubwa yaliondoka kwa ndege saa kumi na mbili asubuhi. Yao huondoka kwanza." Akaonyesha visanduku tisa mezani. "Haya ni ya mwisho ya bahati nasibu."

Makinda ya mbayuwayu yalikuwa yamenyamaza, mama yao amerudi. Hango akainuka, akaenda mezani. Daktari hakusogea. Hango akaweka kiganja juu ya kisanduku kilichokuwa karibu.

"Sitakuzuia," daktari akasema. "Ila soma jina kwanza. Mimi huyasoma yote kabla ya kufunga. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipangia."

"Akikosa, inakuwaje?"

"Akikosa moja, vidole vinarudi. Akikosa mawili, mapafu. La tatu huwa hatuna haja ya kulipeleka."

Hango akakigeuza, akasoma ubavuni. Tatu Gunda. Mwalimu, chekechea ya Majiwe. Nyumba ya bati jekundu nyuma ya josho.

Angeweza kukirudisha. Angeweza kusoma cha pili, na cha tatu, mpaka ampate mtu asiyemjua, au mtu mbaya. Lakini alijua kuwa akisoma la pili hataweza kuchukua lolote. Akalitoa yai, akalitia kwenye kofia aliyopewa na Mamlaka, akaikunja, akaishika mbele ya tumbo kama mtu anayeomba, akatoka getini. Walinzi hawakumpekua. Nani angempekua Hango?

4

Zaituni alikuwa uani anachambua mchele kwa kiganja, maana vidole havikumtii tena. Alipoona kofia, akaanza utani kabla hajafika.

"Leo shemeji umenivulia kofia? Nimekuwa mkuu wa mkoa?"

Hango akamwonyesha.

"Umeiba!" Macho yakamtoka. "Wewe? Umeiba yai?"

"Kunywa. Bichi. Sasa hivi, Zai, halafu nitakueleza."

"Nieleze kwanza."

Akamweleza. Alikuwa amepanga kumpa nusu ya habari, ile ya wakubwa, ya orodha, ya ndege ya alfajiri, maana hiyo ilikuwa tayari ulimini, inawaka. Lakini Zaituni alikuwa ndugu yake Mwanaidi na alikuwa na akili za familia ile. Akamsikiliza mpaka mwisho, sinia la mchele magotini, kisha akauliza swali moja.

"Meza ya Majiwe anakaa nani?"

Hango akaitazama kofia.

"Nimekuuliza. Miezi ile mitano, dada yangu anakauka, nani alikuwa anayatoa kwenye trei?"

"Mimi."

Zaituni akaweka sinia chini. Hakupiga kelele. Alimtazama shemeji yake kama mtu anayemwona mgeni amekaa kwenye kiti cha marehemu.

"Hukujua," akasema.

"Sikujua."

"Najua hukujua. Na bado natamani kukupiga na mwiko."

"Nipige."

"Mkono hauna nguvu." Akavitazama vidole vyake, akacheka kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi. Kikohozi kikavu, bila makohozi. Wote wawili walikisikia, na wote wawili walijua kilivyoendelea kwa Mwanaidi.

Akalichukua yai. Akaligonga kwenye ukingo wa kinu, akainua kichwa, akalimeza lote kwa mkupuo, halafu akafuta mdomo kwa khanga. Kijani kidogo kilibaki kwenye ganda, kikimeta juani.

"Lilikuwa la nani?"

"La mtu mmoja wa bahati nasibu."

"Ana jina?"

"Analo."

"Ulilisoma?"

"Nililisoma. Tatu Gunda. Anafundisha chekechea."

"Mwalimu Tatu? Wa bati jekundu?" Zaituni akashika kifua. "Aliyemfundisha mwanangu Shamimu kuhesabu?"

Hango akainamisha kichwa. Zaituni akafunika uso kwa viganja, na Hango akadhani anataka kulitapika. Lakini alipoondoa viganja uso wake ulikuwa mkavu na mkali.

"Silitapiki. Nisikufiche. Nataka kuishi, na ukiniletea jingine nitalinywa. Lakini nikwambie kitu, shemeji. Waliomnyima dada yangu hawakuja kupiga hodi hapa. Hawakuja kusema, mama, kitu chako tumempa fulani. Tulikaa tunasifu maji ya kisima kama wajinga. Wewe utapiga hodi."

"Nikamwambie nini?"

"Kile ulichoniambia."

"Atapiga kelele, mtaa mzima utajua. Watavunja mabanda. Utakosa hata la pili."

"Hayo maneno," Zaituni akasema, "ni ya yule daktari wako. Nenda."

5

Bati jekundu lilionekana kwa mbali, jua la saa tisa likilipiga. Njiani Hango aliyapanga maneno yake. Alikuwa na maneno mengi ya miaka mingi: juu ya Mamlaka, juu ya Kilimba na semina zao, juu ya kamati, juu ya watu wanaokula vya wenzao angani kabla jua halijachomoza. Angemwambia hayo kwanza ili aelewe nani hasa mwenye kosa.

"Hodi."

"Karibu." Mlango ukafunguliwa haraka, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na mikono yake ilikuwa na makovu meupe ya mkauko uliopoa. Akamwangalia Hango, akaangalia barabara nyuma yake, akashusha sauti. "Shikamoo baba. Leo umetumwa wewe? Yule wa kila Jumatatu nimemngoja tangu saa nne."

"Marahaba, mwanangu."

"Umelileta?"

Hango akafungua mikono. Haikuwa na kitu. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia, akabaki na yale machache tu ambayo hakuyapanga.

"Yai lako nimelichukua mimi. Naitwa Hango, nakaa hapa hapa Majiwe. Shemeji yangu ana mkauko. Nimempa, amelinywa sasa hivi."

Mwalimu Tatu hakupiga kelele. Aliinua mkono wake wa kulia, akavitazama vidole kimoja kimoja, kama anavyowahesabia watoto wake darasani. Upepo ukauvuta mlango, akauzuia kwa mguu.

"Na Alhamisi?" akauliza.

Hango akatazama viganja vyake.

"Nimekuuliza, baba. La Alhamisi ni langu au ni lake?"

"Sijui."

"Hujui." Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga kichwani, akaufunga mlango kwa kufuli. "Basi nipeleke kwake. Nataka nimwone kwa macho yangu, na yeye anione mimi. Nyie mmezoea kukaa mkatuamulia, nani afe na nani apone, sisi tukiwa hatupo."

Hango akageuka nyuma kuangalia ni nani mwingine anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.